Albamu za jazi zilizotuita kwa Kiswahili

Nyumbani kwetu Tanga ukisema jazi watu wanaelewa kitu kingine kabisa. Baba akisema weka jazi anataka Atomic, anataka Jamhuri Jazz, au akiamua kutoka nje ya mkoa basi Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Kilwa Jazz, yani dansi, magitaa yanaongea yenyewe kwa yenyewe, mdomo wa bata (saksafoni) unajibu, watu wanaingia katikati ya ukumbi. Neno tulishalichukua zamani sana tukalipa kazi yetu, Dar es Salaam Jazz Band imeanzishwa 1932, kwa hiyo siku ya kwanza nimefika nyumbani na jazi ya Wamarekani kwenye simu nikamwekea baba Miles Davis, alisikiliza kama dakika tano hivi kwa adabu zote, halafu akaniuliza taratibu, "Sasa hawa mwanangu wanaanza saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi nilikuwa nasubiri waanze.

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye yuko pale nilipokuwa mimi siku ile. Umesikia jazi ni muziki mkubwa, umeingia intaneti kutafuta uanzie wapi, kila orodha inakwambia Kind of Blue, albamu ya huyohuyo Miles, ukaiweka, ikapita kama muziki wa kwenye lifti ya hoteli, ukajiona labda sikio lako ndio bovu. Sikio lako zima kabisa, ni mlango tu uliopitishwa siyo wako. Mi mlango wangu niliupata kwa bahati, na baadaye nikaja kugundua kwamba uko wazi kwetu sisi watu wa Kiswahili kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na uliachwa wazi makusudi, tangu miaka ya 60 huko, na wanamuziki wa New York ambao wengi wao walikuwa hata hawajakanyaga Afrika.

Ilikuwa kwenye basi, natoka Dar naenda Tanga. Nilishusha albamu kadhaa kabla ya safari kwa sababu mtandao wa njiani haueleweki, na moja niliichukua kwa jina tu, Uhuru Afrika, ya mpiga piano anaitwa Randy Weston. Tumeshapita Wami, abiria wengi wamelala, nikabonyeza. Ngoma zikaanza. Halafu mtu akaongea Kiswahili. Nikavua hedifoni nikageuka, nikajua ni kondakta anaulizia wa kushuka Mkata. Kondakta alikuwa mbele kabisa anapiga stori na dereva. Nikazirudisha masikioni na ile sauti bado ipo, Kiswahili cha mtu wa kwetu, sio cha mtu aliyekaririshwa maneno nusu saa kabla ya kurekodi, na chini yake ngoma zinasukuma taratibu, na mimi nimeshika kiti cha mbele yangu kama vile basi limekata breki.

Ile sauti ni ya Tuntemeke Sanga. Mtanganyika, na ukisikia Sanga unajua kwao ni Makete, miaka ile alikuwa New York na baadaye alirudi nyumbani, wakubwa wetu wanamkumbuka kama mbunge. Shairi lenyewe ni la Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Wamarekani weusi, halafu likatiwa Kiswahili. Weston alitaka kazi yake ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, lakini Afrika lugha ni nyingi, achague ipi aache ipi, akaenda kuwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika pale Umoja wa Mataifa na Kiswahili ndicho kilichopita. Sehemu ya kwanza ikaitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho, ya nne, ikaitwa Kucheza Blues.

Sasa angalia tarehe. Walirekodi Novemba 1960. Mwaka ule peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, lakini sisi bado, bendera ya Tanganyika imepanda Desemba 9, 1961, na ya Kenya Desemba 12, 1963. Kwa maana hiyo mtu wa kwetu alikuwa anatamka neno uhuru kwenye santuri Marekani mwaka mzima na ushee kabla hatujaushika wenyewe mkononi. Kila nikifika hapo mwili unanisisimka, na nimeshaisikiliza mara nyingi mno. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini walielewa haraka kabisa hii ni santuri ya namna gani, wakaipiga marufuku.

Studio waliingia watu zaidi ya 20. Max Roach kwenye dramu, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba kwenye ngoma, Freddie Hubbard na Clark Terry kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Kenny Burrell kwenye gitaa, Ron Carter akiwa bado kijana, kila mmoja hapo ukimfuata peke yake ana albamu za kukutosha mwaka. Na aliyewapanga wote hao, aliyeandika nani apige nini na lini, ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni aliyezaliwa Kansas City 1926. Jina lake naomba ulishike kwa sababu watu wanamsifu Weston halafu wanampita yeye. Ukisikiliza ile sehemu ya pili, African Lady, inayoimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, utasikia vile vyombo vya kupuliza vinavyomzunguka mwimbaji bila kumkanyaga, vinakuja vinasogea pembeni vinarudi, ile ni kalamu ya Melba. Mi nikisikia namkumbuka fundi wa kushona shela, uzi wote uko ndani, nje huoni.

Kucheza Blues mwanzoni ilinichanganya kwa sababu ya jina. Kucheza, kwetu, ni kucheza ngoma, kucheza mpira, watoto kucheza nje, ni kitendo cha furaha. Blues ninayoijua ni huzuni. Baadaye nikaja kusoma Weston mwenyewe akieleza kwamba sehemu ile aliiwazia kama sherehe ya siku Afrika nzima itakapokuwa huru na watu weusi dunia nzima watakusanyika washerehekee pamoja. Ukishajua hivyo rudia kuisikiliza. Utasikia piano yake nzito, mkono wa kushoto unagonga kama mtu anatwanga, na wapulizaji wanapokezana kila mtu anasema lake kisha anampisha mwenzie, sawasawa na ngoma ya harusi ambapo kila mmoja lazima aingie katikati hata kama ni kwa dakika moja. Albamu nzima haifiki hata saa moja. Usiruke sehemu, ianze ilipoanzia.

Hapo nilipofika Tanga nilikuwa mtu mwingine, na nikataka kujua kama kuna nyingine za hivi.

Zipo. Na iliyomshika mama haina hata neno moja la Kiswahili.

Mama kazaliwa Unguja, Mchangani, kaolewa Tanga, na muziki kwake ni taarabu ya zamani ya udi, kanuni na fidla, hizi za siku hizi za spika kubwa hazimwingii. Siku hiyo alikuwa barazani na ungo mapajani anachambua mchele, mi nimekaa pembeni na spika ndogo, nikaweka Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik bila kumwambia chochote. Kanuni ikaanza. Mama hakuinua kichwa, akasema tu, "Hii ya Misri hii." Nikamwambia hapana mama, hii imerekodiwa New York 1958. Akacheka kidogo akaendelea na mchele wake. Udi ukaingia, fidla ikaingia, kichwa chake kikaanza kuyumba kidogo vile kinavyoyumba siku zote, halafu Johnny Griffin akaingia na saksafoni yake na mkono wa mama ukasimama palepale juu ya ungo.

"Na huyu nani kamwalika?"

Nikakaa kimya. Griffin anapiga kwa kasi, ni mtu wa Chicago, vidole vyake ni kama mvua ya mawe, lakini kwenye albamu hii anafanya kitu kingine, anasikiliza kwanza, anaokota kipande cha kanuni anakizungusha anakirudisha, haleti fujo za ugenini. Mama akasikiliza kama dakika mbili mkono bado umesimama. Akasema, "Mwache. Kapiga hodi." Akaendelea kuchambua.

Nimesoma maneno mengi ya wajuzi kuhusu ile albamu na sijakuta lililoizidi hiyo kapiga hodi ya mama.

Ahmed Abdul-Malik alikuwa mpiga besi wa Brooklyn, Mwislamu, na kwenye albamu hii anapiga besi na udi vilevile. Majina ya nyimbo ni ya Kiarabu na ukiwa mtu wa pwani hata kama Kiarabu huna utayagusa, moja ni Isma'a, sikiliza, nyingine Farah' Alaiyna, na furaha yetu imetoka hukohuko kwenye farah. Kama umelelewa na taarabu ya Unguja au Mombasa, anzia hapa, tena kabla hata ya Uhuru Afrika, kwa sababu nusu ya vyombo unavijua tayari na kazi yako inabaki kumzoea huyo mgeni mmoja tu. Ukishaipenda, mfuate Abdul-Malik kwenye besi yake ya kawaida kwenye ile albamu ya mpiga piano Thelonious Monk akiwa na John Coltrane wa saksafoni pale Carnegie Hall, ilipigwa Novemba 1957, kanda zikakaa kwenye maktaba ya bunge la Marekani bila mtu kujua mpaka zikaibuliwa 2005. Na udi utaukuta tena mwishoni mwa Journey in Satchidananda ya Alice Coltrane, 1971, humo ana kinubi, ana tanbura ya Wahindi, ana Pharoah Sanders kwenye saksafoni, ni albamu ya alfajiri hiyo, mimi huiweka kabla watu hawajaamka.

Kuna nyingine mbili nitazipita haraka. Ya kwanza ni Tanganyika Strut ya Wilbur Harden, 1958, Coltrane yumo na Curtis Fuller yumo kwenye tromboni. Muziki mzuri wa moja kwa moja, sio albamu ya kubadilisha maisha, lakini fikiria mwaka wenyewe, TANU ilikuwa na miaka minne tu, na kuna watu wameshaweka Tanganyika kwenye kava la santuri Marekani. Ya pili ni Search for the New Land ya Lee Morgan, na hii sasa ni kubwa kweli. Aliirekodi Februari 15, 1964, Kenya ina miezi miwili ya uhuru, yeye ana miaka 25, na wimbo mmoja humo ndani unaitwa Mr. Kenyatta. Tarumbeta ya Morgan inatembea kifua mbele kama mtu kavaa suti mpya anakwenda kumpokea mgeni kiwanja cha ndege, Wayne Shorter yuko kwenye saksafoni, Herbie Hancock kwenye piano, Grant Green kwenye gitaa. Kampuni iliiweka kabatini mpaka 1966 ndio ikatoka. Morgan alipigwa risasi ukumbini akiwa kazini 1972, ana miaka 33. Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, unakwenda zaidi ya dakika 15 na hauna haraka yoyote, usikilize usiku taa zimezimwa.

Huyo Herbie Hancock mkumbuke maana ndiye ninayemwendea sasa.

Kama uliwahi kukutana na jina Mwandishi kwenye kava la albamu ya Kimarekani ukadhani umesoma vibaya, hukusoma vibaya. Kisa chake kinaanza na kijana mmoja aliyeitwa Mtume. Jina lake la kuzaliwa ni James, baba yake mzazi ni Jimmy Heath, mpiga saksafoni mkubwa wa Philadelphia, na yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga kule Los Angeles, huyu Karenga aliyeanzisha Kwanzaa 1966 na zile nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Falsafa yao waliiita Kawaida. Desemba 1969 Mtume akaingia studio na baba yake Jimmy, baba yake mdogo Albert na marafiki zao, ikatoka albamu inaitwa Kawaida, ya Albert Heath mpiga dramu ambaye naye kwenye kava ameshakuwa Kuumba. Nyimbo tano, soma majina: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Don Cherry yupo na tarumbeta yake, Hancock yupo kwenye piano, Buster Williams kwenye besi. Kuna sehemu watu wanaimba kwa pamoja na kupiga vitu mkononi, kuna sehemu wanatulia kabisa unasikia filimbi tu. Ni albamu ambayo haijanyooshwa pasi, imekunjamana, ina vumbi, mimi naipenda hivyohivyo.

Mtume akawagawia wenzake majina. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams akawa Mchezaji. Billy Hart mpiga dramu akawa Jabali, na ukimsikia anavyopiga utakubali. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Bennie Maupin akawa Mwile. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na hili nalipenda kuliko yote kwa sababu Henderson ni daktari kweli, kasomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard, alikuwa anatibu watu huku anapiga tarumbeta. Mwaka 1970 siku ya mwisho kabisa, Desemba 31, wakaingia studio San Francisco na 1971 ikatoka albamu inayoitwa Mwandishi.

Najua kuna watu wa kwetu wakiona haya majina wananuna. Mwile ndio nini, neno letu ni mwili. Pepo Mtoto, nani anampa mwanae jina la pepo? Na wale wanaojua historia wanauliza swali gumu zaidi, kwamba mababu wa watu hawa wengi walichukuliwa Afrika ya magharibi, Kiswahili kinawahusu nini? Mimi pia niliwahi kulishikilia hilo swali kwa muda mrefu tu. Kilichonitoa hapo ni kufikiria walikuwa wamenyang'anywa nini. Lugha ya babu hawaijui ni ipi, hakuna wa kumuuliza, karatasi hakuna, meli ilifuta kila kitu. Mtu wa namna hiyo harudishiwi lugha, anachagua. Na walipotazama bara zima wakachagua lugha ambayo haina kabila moja linalosema hii yangu peke yangu, ambayo Nyerere alikuwa anaitumia kujenga taifa machoni pa dunia nzima. Wakachagua yetu. Sasa mtu kaja mlangoni kwako kavaa kanzu, kaivaa upande upande, utamcheka kola au utamkaribisha ndani? Mwile na abaki Mwile.

Albamu yenyewe ina nyimbo tatu tu. Wa kwanza, Ostinato, umeandikwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi aliyekuwa mahabusu wakati ule, na besi inarudia kipande kilekile mwanzo mpaka mwisho kwa mapigo 15, sio 4 wala 8 tuliyozoea, yani kila ukidhani umeshamaliza kuhesabu kuna hatua moja imepungua, unajikuta unasukumwa mbele kama umeteleza lakini huanguki. Usihesabu. Fuata besi ya Mchezaji kama unavyofuata mtu sokoni, utafika. Kinanda cha umeme cha Hancock kinalia kama kengele zilizotoswa kwenye maji. Wa pili na wa tatu ni mirefu, mipole, inachukua muda kufika, na mara yangu ya kwanza nilisinzia, sio kwa kuchoshwa, ni kama mtu anavyosinzia kwenye dau bahari ikiwa shwari.

Kwenye huo wimbo wa kwanza kuna mpiga dramu wa ziada, kijana wakati huo, jina lake kwenye kava ni Ndugu. Ndugu Leon Chancler. Sisi tuliolelewa na wazee wa enzi za Mwalimu tunajua uzito wa ndugu, wakati waziri ni ndugu na mkulima ni ndugu. Basi huyo Ndugu ndiye aliyekuja kupiga dramu kwenye Billie Jean ya Michael Jackson, zile dramu ambazo kila harusi ya Tanga hadi Kigoma zikigonga mara mbili tu watu wanapiga kelele. Na yule Mtume ndiye mwenye Juicy Fruit ya 1983, ambayo mdundo wake The Notorious B.I.G. aliuchukua akatengenezea Juicy. Umekuwa ukiwacheza watu hawa miaka yote bila kuambiwa wana majina ya Kiswahili. Mtume alifariki Januari 2022 na siku hiyo niliweka Kawaida ikarudia mpaka usiku.

Baada ya hizo ndipo niliporudi kwa wakubwa ambao mwanzo walinishinda, na nilirudi na sikio jingine.

A Love Supreme ya John Coltrane imerekodiwa siku moja tu, Desemba 9, 1964, watu wanne, sehemu nne. Ya mwisho inaitwa Psalm, na kwa miaka nilikuwa nasikia saksafoni inazunguka tu bila mdundo, nikawa naizima kabla haijaisha. Kumbe ndani ya kava kuna shairi, Coltrane kaliandika mwenyewe, la kumshukuru Mungu, na kwenye Psalm analisoma lile shairi kwa saksafoni, silabi kwa silabi, hakuna sauti ya mtu, ni pumzi na chuma. Kule kwingine wanaliona jambo la ajabu. Mtu wa pwani atalijua mara moja: anaghani. Utenzi hauimbwi kama wimbo wala hausomwi kama gazeti, una ule mwendo wake wa katikati, sauti inapanda kwenye kina inashuka inatulia, na msikilizaji anajua ubeti umefika mwisho hata kama hakushika neno. Tafuta maneno ya lile shairi, yashike mkononi, weka Psalm uyafuate kwa kidole. Pale anapomshukuru Mungu saksafoni inashuka, kila mara inashuka, kama mtu anapiga magoti. Mimi nilifika katikati nikashindwa kuendelea kusoma, macho yalijaa.

Na Kind of Blue nimeirudia, ndio. Miles na Coltrane na Cannonball Adderley na Bill Evans na Paul Chambers na Jimmy Cobb, na Wynton Kelly kwenye wimbo mmoja, siku mbili za kazi mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22. Ni nzuri kama wanavyosema wote, sibishani tena. Ila chunga nakala unayosikiliza, kwa sababu siku ya kwanza ya kurekodi mashine ya kanda haikuwa kwenye kasi yake na nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zimepanda juu kidogo ya sauti halisi, dunia ikasikiliza hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka matoleo ya miaka ya 90 yaliporekebisha. Kama kwenu kuna santuri ya zamani ya mzee fulani weka hiyo kwanza halafu weka toleo jipya, sikiliza tarumbeta ya kwenye So What. Tofauti ni ndogo kama ya chai iliyopoa dakika mbili, lakini ukishaisikia huwezi kuacha kuisikia.

Imebaki moja, ya baba.

Mannenberg ya Dollar Brand, ambaye alisilimu 1968 na leo tunamjua kama Abdullah Ibrahim, imerekodiwa Cape Town 1974. Jina ni la mtaa ambao makaburu waliwahamishia watu waliofukuzwa kwenye nyumba zao District Six. Wimbo mmoja unachukua upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 13, na studio kulikuwa na piano imechomekwa pini kwenye nyundo zake ndio maana inalia vile, kama piano ya baa ya zamani, na chini yake kuna mwendo wa dansi, dansi kabisa, huu tunaoujua. Sikumwambia baba ni jazi. Alikuwa mezani na redio yake amefungua kifuniko cha nyuma anatafuta waya uliokatika, nikaweka simu kwenye spika nikatoka kwenda kuoga.

Niliporudi bado anashika ule waya lakini hafanyi nao kitu. Ndara moja imemtoka mguuni, mguu unagonga sakafu. Saksafoni ilikuwa inapanda, ile sehemu ambayo inapanda inakataa kushuka, na baba kanyanyua kidole kunizuia nisiongee. Ikaisha. Akaniambia rudisha. Nikarudisha, zikaisha dakika 13 nyingine, maji yananikauka mwilini.

"Huyu wa mdomo wa bata anaitwa nani?"

Basil Coetzee, baba.

"Niandikie."

Nikachukua risiti ya luku iliyokuwa mezani nikaandika nyuma yake, Basil Coetzee, kwa herufi kubwa maana miwani alikuwa hana. Akaikunja, akaichomeka ndani ya redio kabla ya kurudishia kifuniko.